Gesi Iliyopotea Mbokomu

Lori la Godwin lilikuwa na tabia ambayo Aikande hakuwahi kuikuta kwenye gari lolote. Likitembea, lilishika gesi ya kiyoyozi. Likipumzika, liliimwaga.

Magari yote aliyowahi kutengeneza yalifanya kinyume. Mitikisiko ya barabara ndiyo hulegeza nati na kuchosha hosi. Gari lililosimama uani halina ugomvi na mtu. Lakini hili la Mbokomu lilishuka na ndizi hadi Dar es Salaam, likarudi, likafika Ijumaa ndani yake mna ubaridi wa alfajiri ya mlimani. Likishalala nyumbani Jumamosi na Jumapili, Jumatatu likiwashwa lilipuliza hewa ya moto kama mtu anayepulizia jiko.

Jumatatu ya tatu Godwin alikuja nalo karakana akiwa na mkewe, Gladys. Aikande alipomwona mama huyo ameketi mbele, mkoba mapajani, alijua habari kabla ya salamu.

"Fundi, habari za asubuhi," alisema Gladys akishuka taratibu.

"Nzuri, mama. Limekataa tena?"

"Halijakataa. Halijawahi kukubali."

Jesse, mchomeleaji aliyekuwa na meza yake pembeni, aliinua miwani yake myeusi. "Hilo gari linakunywa gesi kama mzee anavyokunywa mbege," alisema. "Linangoja wikiendi."

Godwin alicheka. Gladys hakucheka.

Gladys alikuwa na haki. Mwezi wa pili, jua la saa saba, karibu na Mkomazi, Godwin alishikwa na kizunguzungu kwenye usukani. Lori lilitoka barabarani likapita katikati ya vichaka, likasimama lenyewe, kwa neema tu. Daktari alimweleza kwa upole kwamba dawa za presha anazokunywa hazipatani na joto la namna ile. Ama apate ubaridi ndani ya gari, ama atafute kazi nyingine. Godwin hakuwa na kazi nyingine. Lori alikuwa ameachiwa na baba yake, marehemu Yoramu, na tangu utoto hakutaka kufanya jambo lingine duniani.

Ndiyo maana walikuja kwa Aikande. Alikuwa mwaka wa kumi na moja Kiboriloni, na watu walimfahamu kama fundi mwanamke anayefunga viyoyozi kwenye malori ya zamani, yale yaliyotengenezwa wakati dereva akisikia joto alifungua kioo akavumilia. Malori hayo hayana mahali pa kukaa kompresa inayosukuma gesi wala njia ya kupitisha hosi. Kila kitu unakibuni. Kwa hili la Godwin, Jesse alikata bamba nene la chuma, wakalifunga ubavuni mwa injini, upande wa kulia, mahali pekee palipokuwa na nafasi. Kompresa ikakaa pale. Aikande akapima njia kwa kamba, akakata hosi, akabana vichwa vyake vya chuma kwa mashine yake ya mkono, akazipitisha hadi ndani ya kabini. Siku ile ya kwanza Godwin alifunga vioo, akafumba macho, akasema, "Aika." Kwa Kichagga ni asante, na ndilo lililozaa jina la Aikande mwenyewe. Fundi alirudi kwao Rau akiwa mwepesi.

Sasa hakuwa mwepesi. Aliinamisha kichwa cha lori kwa mbele ili afikie injini, akakiegemeza kwa nondo yake, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Hakuna kilichotoa hata kipovu kimoja. Akapitisha kidole chini ya viungo, kwa maana gesi ikitoka hutoka na mafuta kidogo, na mafuta huacha alama. Kidole kilirudi kikavu. Kilirudi kisafi, hata.

"Injini yako unaiosha wapi?" alimwuliza Godwin.

"Siioshi."

"Inang'aa hivi?"

"Hiki ni chuma cha zamani, fundi. Hata oili hakili. Kila nikipima, imejaa. Baba alijua kununua."

Aikande aliitazama injini ile. Alikuwa na hisia kwamba kuna kitu anaambiwa, lakini kwa lugha asiyoijua. Akaingiza gesi kwa mara ya nne. Sindano ya geji ikapanda, ikatulia palepale inapotakiwa.

Gladys alimvuta kando, karibu na akina mama wauza nyanya waliotandika magunia yao mbele ya karakana.

"Mdogo wangu, sikulaumu," alisema, na sauti yake haikuwa na ukali. "Naona unavyohangaika, na hujatudai kitu tangu mara ya kwanza. Lakini nimezaa na dereva, sitaki kulea watoto na picha yake ukutani. Kuna mtu wa Himo ameliona gari, amelipenda. Nimemwambia aje Jumatatu ijayo. Likiamka na joto siku hiyo, linakwenda."

"Na Godwin amekubali?"

Gladys aliangalia pembeni. Kule mbele, Godwin alikuwa anafuta kioo cha lori kwa mkono wa shati lake.

"Amesema sawa," alijibu. "Tangu aseme sawa hajala vizuri."

Wiki ile Aikande naye hakula vizuri. Alikata hosi kuukuu akazichungulia ndani. Alibadilisha oringi, zile pete za mpira za kwenye viungo, ambazo hazikuwa na kosa, akapima kwa geji ya kuazima asije akawa anadanganywa na ya kwake. Jesse alimtania mpaka akachoka, kisha akaanza kumwonea huruma, na siku moja akamletea chai. Alhamisi Aikande alifikiri labda kuna mtu anaifungua gesi kwa makusudi. Akaona aibu kwa wazo hilo. Nani kule Mbokomu angemfanyia Godwin hivyo?

Ijumaa lori lilirudi. Godwin alipita Kiboriloni kabla ya kupanda kwake. Ndani palikuwa baridi. Geji ilikuwa sawa kabisa.

"Leo ni zima," alisema Godwin kwa unyonge. "Kama mgonjwa anayepata nafuu akimwona daktari."

Neno hilo lilimkaa Aikande kichwani. Ng'ombe anayeumwa usiku tu, unalala naye zizini umwangalie. Gari linaloumwa likiwa nyumbani, utalifahamu vipi kwa kuliangalia karakanani?

Jumamosi baada ya chakula cha mchana alipanda bodaboda hadi Mbokomu, akiwa na geji yake na kopo la sabuni ndani ya mfuko. Gladys alishangaa kumwona, lakini mgeni ni mgeni. Alimkaribisha kwenye kibaraza cha jikoni, akampa bakuli la mtori wa ndizi ulioiva vizuri, nyama imeachiwa kwake zaidi ya inavyostahili mtu mmoja. Godwin alikuwa amekwenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Lori lilisimama uani, limetulia, migomba ya kihamba, shamba la nyumbani, imelizunguka pande tatu.

"Umekuja kufanya nini, mdogo wangu?" Gladys aliuliza.

"Kuliangalia likipumzika."

Gladys alimtazama kama mtu anayepima homa ya mwenziwe kwa macho. Kisha akatwaa mundu na kamba. "Mimi Jumamosi saa hizi huwa nakwenda kukata majani ya ng'ombe," alisema. "Kila Jumamosi. Nachelewa kidogo kurudi." Akaondoka kwa njia ya nyuma, bila haraka.

Aikande alikaa. Akamaliza mtori. Kuku walipita chini ya lori wakatokea upande wa pili. Alianza kujiona mjinga: mtu mzima ameacha kazi yake, amekuja kutazama gari lililozimwa.

Hapo ndipo alipomwona mzee anavuka mfongo, ule mfereji wa maji uliotenganisha kihamba cha Godwin na cha jirani. Alikuwa mzee mrefu, koti lake limefungwa vifungo vyote, mkono mmoja una kopo, mwingine una kitambaa. Hakuangalia jikoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye lori, akalipiga bega kidogo kama mtu anayemsalimia fahali wake, akafungua komeo la kichwa. Kisha akaweka bega lake la miaka sabini na kitu, akasukuma, na kichwa cha lori kikainama mbele. Kilifika ngazi ya kwanza ya nondo, pale ambapo Aikande hukiegemeza siku zote. Mzee hakukiacha hapo. Alikisukuma zaidi, mpaka kikalala chote, kioo kikiangalia ardhi.

Aikande akaisikia. *Fsss.* Sauti nyembamba, kama ya mtu anayemnyamazisha mtoto.

Alisimama bakuli likiwa bado mkononi. Mzee hakugeuka. Alikuwa amekwisha kuinama, anachomoa kijiti cha kupimia oili, anakifuta, anakirudisha. Sauti ile iliendelea karibu kabisa na sikio lake, naye hakuwa na habari nayo.

"Shikamoo, babu!"

Ilibidi aseme mara mbili. Mzee alishtuka, akavua kofia. "Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa nani?"

"Wa Mzee Faustin wa Rau. Mimi ndiye fundi niliyefunga AC humu."

"Aaa!" Uso wa mzee ukafunguka. "Ndiye wewe! Mimi ni Elirehema. Nimeliendesha gari hili miaka kumi na tisa, enzi za Yoramu. Nimeiona kazi yako, ni safi. Kila Jumamosi naifuta. Hapa kwenye kiungo hiki huwa panatoka mafuta kidogo, nafuta na mafuta ya taa, panang'aa."

Akaonyesha kwa kidole. Kilikuwa kile kiungo chenyewe.

Aikande alishika ubavu wa lori. Mambo yalimjia yote kwa pamoja, na kwa muda hakujua aanze na lipi. Karakana yake ilikuwa zamani banda la kukaushia kahawa, na boriti yake iko chini. Lori likiingia pale, kichwa huinama nusu tu, kinagota boriti. Nje hawezi kulitoa, kwa sababu nje wamekaa wale mama wa nyanya, na hakuna fundi mwenye adabu anayeinamisha kichwa cha lori juu ya vichwa vya akina mama. Miaka kumi na moja amepima hosi zake kichwa kikiwa nusu. Malori mengine hayakumfichua, kwa kuwa hosi zake zilipita karibu na bawaba, hazikuvutwa. Hili, ambalo kompresa yake ilikaa kulia, mbali, lilihitaji hosi ndefu zaidi. Kichwa kikilala chote, hosi inavutika, kiungo kinaachia. Kikirudishwa, hosi inalegea, kiungo kinajifunga. Na alama pekee ambayo ingemwambia ukweli ilifutwa kila Jumamosi kwa kitambaa na mafuta ya taa.

"Babu," alisema polepole, "Godwin anajua kwamba unakuja?"

Mzee Elirehema alitazama njia ya kanisani. "Hajui. Yoramu alipokuwa anakufa aliniambia, 'Niangalizie.' Hakusema gari au mtoto. Basi naangalia vyote. Lakini Godwin alipolichukua gari alikuja kwangu na sukari na blanketi, akaniambia, 'Babu, umefanya kazi sana, sasa pumzika.' Kwa heshima kabisa. Mtoto akikupa heshima ya namna hiyo, utaikataaje? Nikasema asante, nimepumzika." Akachovya kitambaa. "Ndiyo nakuja akiwa kwenye kwaya. Oili naongeza kidogo kidogo. Asijue, tafadhali. Ataona nimemdharau."

Ile sauti ilikuwa imekwisha. Gesi ilikuwa imetoka yote.

Aikande alikuwa amekuja akitafuta adui, hata kama ni oringi tu. Alichokipata ni mzee huyu, na sasa alichanganyikiwa kuliko alivyokuwa wiki nzima. Akikaa kimya, Jumatatu gari linauzwa. Akimweleza Godwin, mzee atajua kwamba mikono yake ndiyo iliyomwacha kijana wa Yoramu kwenye joto, Jumatatu baada ya Jumatatu. Mtu wa umri ule anaweza kulibeba jambo hilo kaburini.

"Kuna nini, mwanangu? Nimeharibu?"

Aliuliza kwa sauti ndogo. Aikande akaona hata kitambaa kimeacha kutembea.

"Hosi yangu ni fupi, babu," alisema. Na alipolisema aliona kwamba ni kweli tupu, wala halikuhitaji kuongezwa kitu. Kichwa cha lori kimeumbwa kilale chote. Anayekilaza chote anafanya inavyopaswa. "Nilipima vibaya. Nilikuwa sijui gari hili linahudumiwa na mtu anayejua kazi. Nisaidie kupima upya, lakini nimesahau kamba yangu."

Mzee aliweka kitambaa chini. Kisha akaenda kwenye mgomba wa karibu, akachuna gome lililokauka, akalisokota kwa viganja mara tatu, nne, akamletea kamba. Yeye akashika ncha kwenye kompresa, Aikande akaipeleka hadi bawabani, akaizungusha, akaipandisha mpaka kwenye kabini, kichwa kikiwa kimelala chote. "Iachie kidogo," mzee alisema. "Gari nalo linapumua." Aikande akaacha kidogo. Ilizidi hosi ya zamani kwa shubiri moja na vidole vinne.

Alirudi Kiboriloni na kamba ile ya mgomba shingoni. Jesse aliiona, akamtazama usoni, akasafisha meza yake. Wakakata hosi, wakabana vichwa. Saa kumi na moja jioni Aikande alikuwa Mbokomu tena, mtungi wa gesi umefungwa nyuma ya bodaboda kama abiria. Alipomaliza kufunga, Godwin alikuwa amerudi, kitabu cha nyimbo bado kwapani, na Gladys amesimama mlangoni.

"Njooni muone," Aikande aliwaambia. Alifunga geji, akaingiza gesi, sindano ikapanda. Kisha akafungua komeo, akakilaza kichwa chote mpaka kioo kikaangalia ardhi. Wote watatu walitazama sindano. Haikutikisika.

"Kosa lilikuwa langu," alisema. "Nilipima hosi kichwa kikiwa nusu. Kikilazwa chote ilikuwa inavutika, gesi inatoka."

Godwin alikuna kichwa. "Sawa, fundi. Lakini mimi hata nikipima oili nakiinamisha nusu tu, sijawahi kukilaza chote hapa nyumbani hata siku moja. Sasa ni nani…"

"Godwin," Gladys alimkata.

Aikande aligeuka. Gladys alikuwa ameweka mkono mdomoni, macho yake yamekwenda ng'ambo ya mfongo, kule moshi wa jiko la Mzee Elirehema ulikokuwa unapanda taratibu kati ya migomba. Ndipo Aikande alipokumbuka ule mundu na ile kamba. *Kila Jumamosi. Nachelewa kidogo kurudi.* Kumbe mama huyu alijua siku zote. Alikuwa anampisha mzee afanye kazi yake bila kuonwa, na hakuwahi kufikiri kwamba chanzo cha gesi kupotea alikuwa anakipa nafasi kwa mkono wake mwenyewe.

"Si fundi amesema hosi ilikuwa fupi?" Gladys alisema. "Basi. Sasa ni ndefu. Unataka nini tena?"

"Nataka kuelewa tu."

"Utaelewa mbele ya safari. Nipe simu yangu, nimpigie yule mtu wa Himo asisumbuke."

Godwin alisimama pale, anawatazama wanawake hawa wawili ambao hawakutaka kumtazama, kitabu cha nyimbo kimeinama mkononi. Kisha neno la mwisho likamfikia. Akakaa chini kwenye ngazi ya lori, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

Jumatatu lori liliamka na ubaridi. Jumanne saa nane mchana simu ya Aikande iliita karakana. Alikuwa juu ya ngazi na Jesse, wanaikata ile boriti ili waweke nyingine juu zaidi, na wale mama wa nyanya wamesogezwa kwa heshima hadi kivulini mwa duka la jirani.

"Fundi! Niko Mkomazi," ilisema sauti ya Godwin. "Nimefunga vioo vyote. Nimevaa sweta, unasikia? Sweta!"

"Nasikia. Endesha salama, kaka."

"Ila kuna jambo bado linanichanganya." Alishusha sauti, kama mtu asiyetaka gari limsikie. "Nimepima oili asubuhi. Imejaa tena. Safari zote hizi, halili hata tone. Wewe ni fundi, niambie, hiyo inawezekana vipi?"

Aikande alitazama ukutani, alikoitundika ile kamba ya gome la mgomba kwenye msumari, karibu na geji zake.

"Sijui, kaka," alijibu. "Mimi najua gesi tu. Ila ukirudi Ijumaa, mpelekee Mzee Elirehema samaki. Uliniambia alikuwa dereva wa baba yako, au sikusikia vizuri?"

"Sikukwambia mimi."

"Basi nimeambiwa na mtu mwingine," alisema Aikande, akamrudishia Jesse msumeno.